Homa ya Julai: wewe huitibu vipi nyumbani? Tupeane uzoefu

Baba Kayole
Wenzangu, Julai ndiyo hii. Tangu Jumapili jua hatujaliona, na kwangu tumelala wanne. Mimi ilianza na koo kuwasha jioni, kufika asubuhi viungo vinauma kama nimeshinda mjengoni. Leo siku ya nne joto limeshuka, kimebaki kikohozi, na najua hicho kinaweza kukaa wiki mbili.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa nameza Panadol mbili, halafu nakoroga na ile dawa ya homa ya unga. Dada yangu akasoma pakiti: unga nao una parasetamoli. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na hapo unahesabu vyote kwa pamoja. Ukizidisha unaumiza ini.

Tuambie yaliyokupata wewe, ya kusikia tuachane nayo.

Mama Pacha
Pole baba. Mimi kujifukiza niliacha. Sufuria sakafuni, leso kichwani, kijana wangu wa miaka sita akarusha mguu. Hospitali tulienda kwa sababu ya paja, mafua tukayasahau. Sasa ni uji mwepesi, matone ya maji ya chumvi puani, na kijiko cha asali usiku. Pacha wa miezi minane siwapi asali, mpaka watimize mwaka.

Hao wadogo nawatazama kifua. Juzi mmoja alikuwa anapumua mbiombio, mbavu zinaingia ndani. Nikashika simu nikamhesabia dakika nzima akiwa amelala: 54. Kwa umri wake, pumzi zikifika 50 kwa dakika hukai nyumbani. Tulitoka saa tano usiku na boda. Ilikuwa nimonia.

Makanga mstaafu
Mimi nilitoka matangani Busia. Wiki mbili baadaye natetemeka, kichwa kinagonga, nikajiambia ni baridi ya Nairobi. Siku tatu nakunywa tangawizi na ndimu! Mke wangu ndiye aliyenivuta nikapimwe damu. Malaria. Sisi wa Nairobi tunajisahau kwa sababu hapa mbu wake ni nadra, lakini ukitoka Busia, Kisumu au Pwani ukashikwa na joto, pima kwanza.

Binti wa Kawangware
Yangu haikuwa homa kabisa. Nyumba ya mabati, tulikuwa tumeziba nyufa kwa magazeti na jiko la makaa tunaliingiza ndani tulale na joto. Asubuhi wote watatu kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Tukasema tumeambukizana. Lakini hakuna aliyekohoa, hakuna mwenye joto, na kila mtu akifika kazini, saa nne amepona. Ikaendelea hivyo karibu wiki.

Jirani mmoja mzee alipoingia kuazima chumvi akaliona jiko pembeni ya kitanda. Alituchapa maneno! Makaa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu, na huua watu usingizini. Jiko likatoka siku hiyo hiyo, vichwa vikaacha kuuma.

Kijana wa Umoja
Kifupi tu: nilinunua amoksilini ya siku mbili dukani, nikaharisha, na mafua yakabaki pale pale. Homa hii ni ya virusi, antibiotiki haiigusi. Pesa ile ningenunua machungwa.

Baba Kayole
Asanteni. Binti wa Kawangware, nimesoma yako nikainuka. Jiko letu hukaa jikoni, lakini jikoni kwetu ni nyuma ya pazia tu, na dirisha nilikuwa nimelipachika blanketi tangu Jumatatu. Nimelitoa. Watoto wanalalamika baridi, nimewaongezea soksi.

Mama Pacha, huyo mdogo yuaendeleaje?

Mama Pacha
Amenyonya vizuri asubuhi. Ndugu yake sasa ndiye ameanza kupiga chafya.