Edmonton: Wewe unayetuuzia safari za mto bila jaketi okozi, rudisha hela zetu!

Wakuu, nimejaribu kunyamaza nimeshindwa. Mods naomba msiufute huu uzi, watu wanapigwa.

Kuna bwana mmoja hapa Edmonton, Kanada, jina simtaji, ila mlio kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili matangazo yake mnayaona kila siku. Kiangazi anauza safari za boti za mpira kwenye mto North Saskatchewan. Baridi ikiingia anauza "matembezi ya barafuni". Tulilipa dola 45 kwa kichwa, watoto nao bei ileile. Tangazo lilisema boti, chakula na jaketi okozi vyote vimo.

Tunafika Laurier Park, majaketi hayatoshi watu, na yote ni ya wakubwa! Mtoto wa shemeji yangu, miaka sita, akavalishwa la mtu mzima. Nikalishika mabegani nikavuta juu, likatoka lote kichwani na zipu imefungwa. Namuuliza jamaa, ananijibu: "Dada, maji yametulia, usiwatie watu hofu."

Yametulia nini? Mto huu unatoka kwenye barafu ya Columbia, huko milima ya Rockies. Hata Julai jua likiwaka, ukitumbukia ghafla baridi inaweza kukukata pumzi. Na tuseme ukweli, wengi wetu kuogelea hatujui. Sheria ya Kanada inataka kila aliyemo botini awe na jaketi linalomtosha. Eti tena alitaka kufunga boti mbili kwa kamba ili tupige picha chini ya madaraja. Moja ikipita kushoto mwa nguzo na nyingine kulia, nani atawahi kukata kamba?

Tukakataa kupanda. Hela hakurudisha, anasema tumeghairi wenyewe.

Sasa anatangaza ya baridi, na picha za watu wamesimama katikati ya mto. Aliyefika juzi kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma ataona theluji nyeupe tupu, atajuaje kuwa chini maji bado yanakimbia? Karibu na nguzo za madaraja na pale mifereji ya mvua inapomwaga maji, barafu huwa nyembamba, na theluji inaficha. Jiji lenyewe linaonya watu wasikanyage barafu ya mto.

Kinachoniuma zaidi, bonde hili la mto ni la bure! Njia zaidi ya kilomita 160, mwaka mzima, kwa miguu, kwa baiskeli, hata kwa ski, zile mbao za kutelezea kwenye theluji. Nunua vile vyuma vya kufunga chini ya viatu usiteleze, chukua watoto, nenda. Hakuna wa kukutoza senti.

Wewe bwana najua humu unasoma. Rudisha hela za familia zote zilizokataa kupanda, na tangazo la barafuni litoe leo. Wengine mliolipa, andikeni hapa chini mliahidiwa nini na mkapewa nini. Risiti msifute, tunazipeleka polisi.