Mauna Kea: eti juu kule ni mawe matupu tu? Tujadili

Wadau, kwenye hii ishu ya kujenga darubini ya TMT (Thirty Meter Telescope) kule Hawaii, ile ya kutazama nyota yenye kioo cha mita 30, kuna hoja nakutana nayo kila siku, kwamba juu ya Mauna Kea, mlima inapotakiwa kujengwa, hakuna mti wala mtu, ni mawe matupu, sasa wenyeji wanagomea nini? Mimi nabisha, na nabisha kwa sababu ya hayo hayo mawe.

Ule mlima ni volkano ya mita 4,205, pana kama ngao iliyolazwa chini, upo katikati ya Pasifiki kwenye ukanda wa joto. Kama miaka 20,000 iliyopita kilele chake kilikuwa chini ya barafu, karibu kilometa za mraba 70, vilima vichache tu vimechomoza. Alama bado zipo. Tazama picha ya karibu ya lava ya pale, uso umesuguliwa hadi unang'aa, halafu una mikwaruzo myembamba yote imelala upande mmoja, hiyo ni barafu ilikuwa inateremka na mawe yameganda chini yake, yanakwaruza kila yanapopita. Shuka hadi kama mita 3,400 utakuta matuta, majabali yamechanganyika na kokoto na vumbi bila mpangilio wowote, na maji hayaachi mzigo hivyo, mto hutenganisha vikubwa na vidogo. Waliopanda Kilimanjaro wanayajua matuta ya aina hiyo.

Na hapa ndo watu hawanielewi. Jirani yake Mauna Loa ana mita 4,169, karibu sawa, lakini huko hukuti alama hizo kwa sababu lava mpya inamwagika juu ya ya zamani, mara ya mwisho ni 2022 tu hapa. Mauna Kea umetulia kama miaka 4,500, ndo maana kumbukumbu imebaki. Pale tu, Hawaii nzima.

Halafu kuna tezo. Lava iliyopoa ghafla ilipogusana na barafu ikawa jiwe gumu, chembe zimeshikana sana, na wahenga wa Hawaii walipanda hadi huko kwenye baridi kulichonga wapate tezo za kuchongea mitumbwi. Vipande walivyobandua vimelala marundo kwa marundo hadi leo. Mawe matupu hayo?

Najua mtasema serikali ilishatenga hifadhi ya Enzi ya Barafu mwaka 1981 na kiwanja cha TMT kiko nje yake. Kweli kiko nje, ila uwanda wa kaskazini kilipo nao ulikuwa chini ya barafu ileile. Na mtasema Mahakama ya Juu ya Hawaii ilipitisha kibali 2018. Ilipitisha, sawa, na mwaka uliofuata wazee wa wenyeji zaidi ya 30 wakakamatwa barabarani wakizuia mitambo, watu wazima na mvi zao, kwahiyo kibali peke yake hakijamaliza kitu.

Sipingi elimu ya nyota, naipenda sana. Lakini darubini ikichakaa inabomolewa, pale pale juu zimeshabomolewa mbili, wakati mkwaruzo wa barafu ukishasagwa na tingatinga ndo basi. Na TMT wenyewe walishachagua La Palma kule Visiwa vya Kanari kama eneo la akiba. Sasa mnaounga mkono nijibuni, kwa nini isiende huko?