Chesisi: rangi ya unga au ya kupuliza?

Mifupa_ya_Series3: Wakuu, Land Rover Series III nimeivua mpaka ikabaki chesisi tupu. Kutu nimekata, viraka vitatu nimechomelea. Niipeleke ikapigwe rangi ya unga na kuokwa, au nipulize epoksi (rangi ya chini ya kuzuia kutu) mwenyewe, halafu nyeusi juu? Gari ni la mawe na matope, si la maonyesho.

Rimu_safi: Unga, usijiulize. Rimu zangu mwaka wa sita huu, hazijabanduka.

Babu_Spana: Rimu si chesisi, ndugu yangu. Yangu niliipeleka kwenye unga, ikarudi inapendeza hadi nikaona haya kuipitisha topeni. Mwaka wa tatu nikaona kipele nyuma ya gurudumu, jiwe lilipopiga. Kukidokoa na bisibisi, gamba likainuka kiganja kizima, chini kutu tupu! Maji yalikuwa yanatembea ndani kwa ndani, mimi naosha juu nafurahi. Na hapo brashi haikusaidii, maana unga huiva kwenye oveni, nyuzi kama 180 hadi 200. Epoksi ikichubuka unapiga msasa, unapaka, jioni umemaliza.

Halafu chesisi hiyo ni boksi, huoza kutokea ndani. Unga hushikwa na umeme tuli, na umeme huo hauingii mbali kwenye uwazi, unaishia mdomoni. Kwa hiyo rangi yoyote utakayochagua, ndani puliza nta kwa mpira mrefu kupitia matundu. Hilo usiliruke.

Sasa hivi nafanya hivi: napiga mchanga mpaka chuma cheupe, siku hiyohiyo epoksi ya kuchanganya na hadina (kigumishi), mikono miwili. Kwenye maungio natangulia na brashi. Nyeusi mwisho.

Mifupa_ya_Series3: Mzee, na nikiweka praima (rangi ya chini) ya unga kwanza, ndipo unga wa juu?

Babu_Spana: Hiyo ni afadhali kuliko tabaka moja. Ila toa bushi zote za mpira, joto lile litaziua. Ziba nyuzi za bolti na mahali pa waya wa ethi. Grisi iliyojificha ndani ya boksi itachemka na kukutolea mapovu. Na je, viraka vimekwisha kweli? Ukichomelea baada ya kuoka, unaunguza ulichokilipia.

Mifupa_ya_Series3: Nimerudi na nyundo, nikagonga chuma cha nyuma kabisa, kile cha kuvutia tela. Nyundo imezama, kumbe kuchomelea bado. Basi ni epoksi, mzee.