Greta ya mkono: ninunue ipi, na nitumieje bila kujikata?

Karoti_Mbili
Habari zenu wadau. Naomba ushauri, maana jambo hili limenichosha. Nina greta bapa ya bati yenye matundu ya kati. Zamani ilikwaruza vizuri, siku hizi ni kama inaponda. Karoti inatoka imelowa maji, tangawizi inaacha nyuzi zilizoziba matundu, jibini inageuka donge. Juzi nilikandamiza kwa nguvu, karoti ikateleza na kifundo cha kidole gumba kikapita kwenye meno. Kidonda hakijafunga mpaka leo.

Nataka kununua nyingine, moja tu, jiko langu ni dogo. Naona kuna zile ndefu nyembamba kama tupa ya seremala, na zile pana zenye matundu makubwa. Ninachokwaruza zaidi ni tangawizi, kitunguu saumu, karoti, na mara mojamoja ganda la limau. Nichukue ipi?

Randa_na_Msasa
Pole sana kwa kidole. Hiyo unayoifananisha na tupa ya seremala hujakosea, asili yake ni huko huko. Microplane, kampuni ya Marekani, ilianza na vifaa vya kulainishia mbao mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadaye watu wa jikoni wakaona kwamba vinachukua ganda la chungwa vizuri ajabu.

Kitu cha kuangalia ni meno. Yako nadhani ni ya kupigwa: bati limetobolewa kwa mashine hadi kingo zikachomoza. Jino kama hilo linachana zaidi ya kukata, na likichakaa ndiyo unapata huo uji. Greta nyembamba nzuri meno yake hutobolewa kwa kemikali kwenye bamba la chuma cha pua, na kila tundu linabaki na ukingo mkali kama wembe mdogo. Huhitaji kukandamiza. Na ule mkandamizo ndio uliokukata, greta butu inajeruhi watu kwa sababu inawalazimisha kutumia nguvu.

Sufuria_Kubwa
Randa, kwa ganda la limau na tangawizi nakubaliana nawe moja kwa moja. Kwa karoti, hapana. Nimejaribu karoti kwenye hizo nyembamba, unapata unyevunyevu laini usiofaa kachumbari wala kitu kingine kinachotaka kutafunwa. Karoti inataka matundu makubwa. Mwenye uzi achukue ile pana, kitunguu saumu akiponde kwa ubapa wa kisu.

Randa_na_Msasa
Hilo la karoti ni kweli, nilipaswa kulisema. Ila tazama upande wa pili: karoti unaweza kuikata vipande virefu vyembamba kwa kisu ukapata kitu kizuri tu. Ganda la limau kwa kisu utahangaika, utaishia kuchukua na ule weupe wa chini, nao ni mchungu. Mwenye nafasi ya greta moja anunue ile inayofanya kazi ambayo kisu hakiiwezi.

Mama_wa_Jiko
Mwanangu, kabla ya kununua rekebisha namna unavyoshika, la sivyo hata hiyo mpya itakukata.

Tandika kitambaa kibichi juu ya meza, weka ubao wa kukatia, ncha ya greta ikae juu ya ubao na mpini uwe mkononi, imeinama nusu ya kusimama. Kitambaa kinazuia ubao kutembea. Kitu unachokikwaruza kishike kwa kiganja, vidole vikiwa vimerudi nyuma. Kikibaki kipande cha sentimita mbili au tatu, acha. Hicho kikate kwa kisu au kitupie kwenye supu. Hapo mwishoni ndipo wengi tunapoumia, kwa uchoyo wa kipande kidogo. Zipo pia glovu zisizokatika kirahisi, na kwa mtu mwenye kidonda kama wewe ningesema uivae.

Tangawizi igandishe kwanza kwenye friza. Ikiwa ngumu kama jiwe inakwaruzika unga, nyuzi hazikusumbui, na ukishaiosha vizuri hata kumenya si lazima. Jibini laini nayo iweke friza kama nusu saa.

Limau ligeuze kila baada ya mkwaruzo mmoja au miwili, ukiona weupe umeshapitiliza. Mimi huweka limau chini na greta juu yake, unga unakusanyika mgongoni mwa greta nauona wote.

Chumvi_Kiasi
Naongeza moja kuhusu kitunguu saumu. Kikikwaruzwa kinakuwa kikali kuliko kikikatwa vipande, kwa sababu ule ukali hutengenezwa pale chembe zake zinapopasuka na vilivyomo kuchanganyika. Kadiri unavyokisaga ndivyo ukali unavyozidi. Ukihamia kwenye greta kali, punguza kiasi ulichozoea. Mimi niliharibu mchuzi mzima kwa kutolijua hili.

Karoti_Mbili
Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimenunua nyembamba, yenye mpini wa mpira usioteleza na kifuniko cha meno. Tangawizi ya kuganda, Mama, nimeshangaa! Nimepitisha kwa uzito wa mkono tu. Karoti nimekata kwa kisu, zimechukua muda ila zimetoka kavu na zinatafunika.

Swali la mwisho: naisafishaje? Sifongo limechanika mara ya kwanza tu.

Mama_wa_Jiko
Nafurahi mwanangu. Ioshe palepale, usiiache ikauke. Kikikauka kitunguu saumu kwenye matundu madogo hivyo utakesha. Ipitishe chini ya maji ukianzia mgongoni ili mabaki yatoke yalikoingilia, kisha mswaki wa zamani wenye sabuni, ukisugua kufuata upande meno yanakolala, kamwe si kinyume. Jibini ikiganda, kwaruza kipande cha kiazi kibichi, kitaitoa. Kausha kwa kuikung'uta na kuisimamisha, usiipanguse kwa kitambaa.

Randa_na_Msasa
Na kifuniko kirudishe kila mara. Kwenye droo ikigongana na visu meno yanakunjika, na bamba jembamba namna hiyo halina namna ya kunolewa nyumbani. Ile ya zamani usiitupe kama bado haijapata kutu, inafaa kukwaruzia sabuni ya mche.