Picha za kiwandani za injini za yadi: mbona zote ni za kijivu?

Mwanareli: Wakuu, nakusanya picha za injini za mvuke za Marekani, hasa zile ndogo za kupanga mabehewa yadini. Nazungumzia picha ambazo viwanda vilipiga vyenyewe kabla ya kukabidhi injini kwa mteja. Ninayo moja ya 0-6-0 (yaani magurudumu sita yanayosukuma, bila madogo mbele wala nyuma) kutoka kiwanda cha Baldwin, Philadelphia. Injini yote ni ya kijivu kisichong'aa, na nyuma yake ni weupe mtupu, kana kwamba inaelea. Ndivyo zilivyokuwa kweli?

Bomba la Moshi: Hapana mkuu, kijivu hicho kilikuwa cha picha tu. Rangi nyeusi ya kung'aa ingemeza ribiti na mabomba, halafu ingerudisha mwanga kwenye kamera. Kwa hiyo walipaka kijivu, wakapiga picha, kisha injini ikapakwa rangi yake ya kazi. Tazama pia zile fito zinazounganisha magurudumu: zimeshushwa hadi chini kabisa, makusudi, ili zisifiche kitu.

Weupe nao ni kazi ya mkono. Hasi, yaani ile picha ya kinyume inayochapishwa kwenye karatasi, ilikuwa kioo kikubwa. Mtu aliketi na brashi nyembamba akaziba kila kilichoizunguka injini, akifuata ukingo wa kengele, wa ngazi, wa bomba la moshi. Palipozibwa mwanga haukupita, na karatasi ikabaki nyeupe. Chukua lenzi uchungulie katikati ya spoku, mara nyingi hapo ndipo utaona alikochoka.

Mama Boila: Mimi nizisifu injini zenyewe, maana wengi hukimbilia zile za abiria. 0-6-0 haina magurudumu madogo ya kuiongoza mbele, kwa sababu haikuundwa kwa mbio. Uzito wake wote umekalia magurudumu sita yanayosukuma, na hapo ndipo inapopata nguvu ya kung'oa mabehewa yaliyosimama. Zile za 1918, za michoro ya serikali ya Marekani iliposhika reli wakati wa vita, zina magurudumu ya inchi 51 tu. Injini nyingi za yadi zina tenda, yaani behewa la makaa na maji, iliyokatwa mshazari kwa nyuma ili dereva aone anakorudi. Zilirudi nyuma siku nzima!

Ninachokipenda ni kwamba kiwanda hakikubagua. Mtumwa huyu wa yadi alipewa kioo kilekile na uangalifu uleule wa injini ya abiria.

Mwanareli: Asanteni sana. Nimerudi na lenzi. Katikati ya spoku za gurudumu la pili kuna kipande cha ukuta wa matofali, brashi haikufika. Na mbele, ule ubao wa kukanyagia wapanga mabehewa bado ni mpya kabisa, hauna hata alama moja ya kiatu.