Tupeane uzoefu: Kuongea na mhudumu wa pampu aliyetoka na shoti

Mleta mada: Wakuu, hii ni ya masupavaiza wa sheli hapa Tanzania. Zamu imekabidhiwa, shoti imetoka, yaani keshi iliyokabidhiwa ni pungufu kuliko mauzo ya mita. Unaanzaje kuongea na mhusika?

Mita Kwanza: Kabla hujamwita, rudia hesabu mwenyewe. Mita ya kufungia toa ya kufungulia, toa lita za kupimia, zidisha kwa bei. Hapo toa lipa namba, kadi na mafuta ya mkopo; inayobaki ndiyo keshi aliyotakiwa kukabidhi. Kinachosumbua sana ni lile kopo la kupimia la lita 20: mafuta yametolewa pampuni kuhakiki kipimo, yamerudishwa tangini, hayakuandikwa. Bei ikiwa 2,900, hiyo ni shoti ya 58,000 kamili. Ukiona tarakimu hiyo usimwite mtu, tafuta daftari la vipimo. Na Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei mpya za EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji) zikianza katikati ya zamu bila mita kusomwa, lita zote zinapigiwa bei moja na hesabu haikubali.

Zamu ya Usiku: Mkuu hapo juu kamaliza hesabu, yabaki maneno. Muite ofisini, siyo pale pampuni; bodaboda wakisikia, jioni mtaa mzima unajua. Karatasi ya mita igeukie upande wake. Kama ni mkubwa kwako, shikamoo kama siku zote. Ukiiruka siku hiyo, umeshamhukumu. Kisha: "Baba, pampu namba 3 imepungua 74,000. Tupitie wote." Halafu nyamaza. "Hela iko wapi?" ni swali la polisi. Uliza yanayojibika: mita ya kufungulia ulisoma na nani? Meseji ya lipa namba ya mwisho iliingia? Nani alishika nozeli ulipokwenda kula? Hilo la mwisho hufumbua mengi, maana watu hushikiana pampu na keshi husahaulika mfukoni mwa aliyeshika.

Afisa Ajira: Msimsainishe deni usiku huohuo. Kwa kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hasara hukatwa tu kama ni kwa kosa lake, akiwa amepewa kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, na nafasi ya kupinga. Makato yasizidi robo ya mshahara. Ikifika kikao cha nidhamu, apewe si chini ya saa 48 za kujiandaa.

Mleta mada: Akikaa kimya tu je?

Zamu ya Usiku: Andika "hakujibu" na saa, usimjibie. Akiongea, andika maneno yake yalivyo, ayasome mwenyewe.

Mita Kwanza: Akisema mita ilisomwa vibaya, usibishane. 3 na 8 hufanana kwenye kioo chenye vumbi. Ila zamu mpya ikishaanza kuuza, mita imeshasogea na hakuna wa kumsuta mwenzake, kwa hiyo pigeni picha ya kila mita kwa simu wakati wa kukabidhiana, wote wawili mkiwa palepale.