Kufundisha uundaji wa mifumo ya taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu

Mwalimu wa chuo, Iringa
Ndugu wanajukwaa, ninafundisha uundaji wa mifumo ya taarifa ngazi ya stashahada. Wanafunzi wakienda mafunzo kwa vitendo wilayani, wengi hutumia simu za kitochi, na hata wenye simu janja hununua bando kwa kujibana. Ningependa somo liendelee kwa ujumbe mfupi, lakini sioni mchoro wa mtiririko wa data, unaoonyesha data inakotoka na inakokwenda, utakavyoenea katika herufi 160 za ujumbe mmoja. Ni sehemu gani ya somo inayofundishika kwa njia hii?

Mhadhiri, Dodoma
Mwalimu, michoro iache mpaka warudi darasani. Kinachofaa ni uchambuzi wa mahitaji, yaani kubaini watumiaji wanataka mfumo ufanye nini, kwa sababu mwanafunzi aliye kazini ana watumiaji halisi mbele yake. Mfano wa kuanzia ni mradi wa SMS for Life, uliofanyiwa majaribio kuanzia mwaka 2009 katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga: kila wiki wahudumu wa vituo vya afya walikumbushwa kwa ujumbe kuhesabu akiba ya dawa za malaria na kurudisha idadi kwa njia hiyo hiyo, ili wasimamizi wa wilaya wajue mapema kituo kinachoelekea kuishiwa. Watumie wanafunzi swali moja moja. Mhudumu akituma idadi bila kutaja dawa, mfumo ufanye nini? Asipojibu kabisa, nani aarifiwe, na baada ya muda gani? Wakihangaika na maswali hayo wataelewa uhakiki wa data, yaani kukagua kama data iliyoingizwa ni sahihi na kamili, kuliko ambavyo nimewahi kuueleza ubaoni.

Msanidi programu, Nairobi
Nakubaliana na mhadhiri, ila kikomo chenyewe cha herufi nacho ni somo. Ujumbe ukizidi 160 hugawanywa, na kila kipande hubaki na nafasi ya herufi 153 tu, kwa kuwa sehemu ya nafasi hubeba maelezo ya kuviunganisha. Andika "ng’ombe" kwa kibainishi kilichopinda (’) badala ya kilichonyooka ('), na kikomo cha ujumbe wote hushuka hadi herufi 70, kwani alama hiyo haimo katika seti ya kawaida ya herufi za simu. Mfumo wa wafugaji usiozingatia hilo utalipia ujumbe zaidi bila sababu. Kwa mazoezi ya kuandika programu, Africa's Talking, kampuni inayowapa wasanidi programu huduma za ujumbe mfupi, wana mazingira ya majaribio yenye simu ya kuigiza, hivyo hakuna anayekatwa salio.

Mwalimu wa chuo, Iringa
Nawashukuru sana. Nitaanza na maswali ya mhudumu wa kituo. Je, majibu yao niyape alama?

Mhadhiri, Dodoma
Nisingeyapa, mwalimu. Anayejibu hulipia ujumbe wake, na si haki alama zitegemee salio. Wayaandike kwenye daftari la mafunzo, nawe uyasahihishe utakapowatembelea.